Amua Sekunde Kwanza, Ndipo Ushike Grinda

Nakaa Houston, Texas. Kazi yangu ni ufundi wa malori, na ufundi wenyewe niliuanzia mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, enzi zile mtoto wa gereji unashikishwa tochi na kuoshea watu nati kwa petroli mpaka fundi akuamini na spana. Naandika kwa ajili ya ndugu zetu wa huku Marekani walioanza kununua zile V8 za zamani, gari za Kimarekani za silinda nane na milango miwili, za miaka ya 60 na 70, wakitaka kuzipeleka kwenye mbio za robo maili. Wengi nawaona wanaanza kwa kununua injini. Injini ipo nyuma kabisa ya foleni. Kwanza amua unataka gari limalize kwa sekunde ngapi, maana namba hiyo ndiyo itakayosema chuma kipi kitoke, chuma kipi kibaki, na chuma kipi utalazimishwa kurudisha kwa hela yako.

Kwa asiyeujua mchezo: magari mawili yanasimama sambamba, taa tatu za njano zinashuka moja baada ya nyingine, kijani inawaka, mnaondoka. Njia imenyooka, futi 1,320, hakuna kona. Mwisho unapewa karatasi inayoonyesha ulichelewa kiasi gani kuondoka, ulitumia muda gani futi 60 za mwanzo, nusu ya njia, njia nzima, na ulipita mstari kwa mwendo gani. Karatasi hiyo haina undugu na mtu. Kama gari lako ni maneno tu, itasema.

Sasa sikiliza kanuni. Chama kikubwa cha mbio hizi, NHRA, kilianzishwa na Wally Parks mwaka 1951, na viwanja vingi vinafuata masharti yake. Ukikimbia sekunde 13.99 au chini ya hapo, lazima uvae helmeti. Ukifika 11.49, lazima uwe na chuma cha kukukinga gari likipinduka, pamoja na mikanda ya mbio. Ukifika 10.99, kwa magari haya ya zamani, inatakiwa keji kamili ya mabomba kukuzunguka, isipokuwa kama sakafu na ukuta wa injini bado ni vya kiwandani; hapo chuma kile cha kwanza kinakubalika mpaka 10.00. Ukiingia 9.99, unahitaji leseni ya mbio na bodi la gari lipimwe na kupewa cheti. Ukikimbia 11.30 bila kile chuma, hata kama umeshangiliwa, unaambiwa upakie gari lako uende nyumbani.

Hiyo ndiyo sababu jirani yangu alinikalisha chini kabla sijanunua hata boliti. Ni mzee mstaafu wa kiwanda cha kusafisha mafuta, ujanani alikimbiza Dodge Dart. Mimi humwita Mzee na mwenyewe amelizoea. Yeye huniita kijana, ingawa mvi zimeshaanza kunitoka. Aliniuliza, "Kijana, unataka sekunde ngapi?" Nikamwambia nataka gari liende sana. Akacheka, akasema hiyo si namba.

Tukakubaliana 11.60. Hapo unakuwa juu kidogo ya mstari wa 11.49, gari linaweza kubaki na viti viwili, na ukitaka kulitembeza mtaani Jumapili hakuna bomba la chuma karibu na kichwa chako. Watu husahau jambo hilo: keji ni kinga ukiwa umevaa helmeti, lakini ukiwa kichwa wazi kwenye foleni ya barabara kuu, bomba lile lile linaweza kukupasua fuvu kwa ajali ndogo tu.

Mzee akanionyesha hesabu wanayoitumia. Chukua uzito wa gari pamoja na dereva kwa ratili (nitatumia ratili, kwani mizani na kanuni za huku zote ni ratili, kilo moja ni ratili 2.2). Gawanya kwa nguvu-farasi. Tafuta kipeuo cha tatu cha jibu, kisha zidisha kwa 5.825. Kama kila farasi anabeba ratili 8, kipeuo cha tatu cha 8 ni 2, kwa hiyo unapata sekunde 11.65. Gari la ratili 3,400 litahitaji farasi 425 kufika hapo. Gari la ratili 3,040 linahitaji 380. Farasi wale 45 wa tofauti wanauzwa ghali. Ratili 360 zimekaa ndani ya gari bure, zinasubiri mtu mwenye spana. Ni makadirio, na yanachukulia kwamba tairi zinashika na gia ni sawa, lakini yamenisaidia kukataa vitu vingi nilivyotaka kununua.

Gari nililolipata ni Plymouth Duster ya 1974, gari la ukoo wa Chrysler, yenye ile injini ya silinda sita iliyoinama upande. Dola 3,500. Duster za 1970 hadi 1972 zina bampa nyembamba na zinapendwa zaidi, kwa hiyo bei yake imepaa. Ya 1974 ilitoka wakati serikali ya Marekani imeshaweka masharti ya bampa za kuhimili kugongwa mbele na nyuma, na milango yenye chuma cha kukinga ubavu. Ni nzito, haina umaarufu, na ndiyo maana mtu wa kawaida anaiweza. Yangu ilitoka magharibi ya Texas, kukavu. Kama unaweza, usinunue gari la majimbo ya kaskazini wanakomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji. Magari haya hayana chasisi ya kujitegemea, bodi lenyewe ndiyo chasisi, na kutu ikishakula reli za chini hakuna cha kupunguza tena, utakuwa unaongeza viraka tu.

Siku ya kwanza sikufungua chochote. Nilikwenda kituo cha malori kwenye ile mizani tunayopimia mizigo. Inagharimu dola kumi na kitu, na uzuri wake ni kwamba ina majukwaa yanayojitegemea: unaweka tairi za mbele kwenye jukwaa moja na za nyuma kwenye jingine, unapata ekseli kwa ekseli. Dereva wa lori aliyekuwa nyuma yangu alipiga honi kwa hasira, sikumjali. Mbele ratili 1,800, nyuma 1,420, jumla 3,220 bila mimi. Karatasi ile niliibandika ukutani gerejini. Nakusihi sana ufanye hivi, kwa sababu bila kipimo cha mwanzo utakuja kujisifia ratili za kufikirika.

Na angalia mgawanyo, si jumla peke yake. Gari la namna hii husukumwa na tairi za nyuma. Ratili inayotoka kwenye pua ni ya thamani kuliko inayotoka kwenye buti, kwa kuwa pua ikiwa nyepesi uzito hurudi nyuma upesi gari linapoondoka, na tairi zinashika. Kwa hiyo nilianzia mbele.

Kilichotoka kwanza ni mfumo wa kipoza hewa. Magari ya Texas karibu yote yanao, na kompresa ya Chrysler ya enzi zile ni dude la chuma lenye silinda zake mbili zilizokaa mtindo wa V. Ilibidi niikumbatie kama gunia kuitoa. Ikafuata hita na sanduku lake, pampu ya usukani na giaboksi yake, nikaweka ya kuzungusha kwa mkono. Bampa la mbele pamoja na chuma chake cha ndani na vyuma vya kuhimili mgongano vilitushinda kubeba tukiwa wawili tukipiga soga, ikabidi tunyamaze. Badala yake nikafunga la faibaglasi. Boneti ya faibaglasi nayo, isiyo na bawaba, imeshikwa na pini nne. Hapo sikufanya mzaha: boneti ikifunguka ukiwa maili mia kwa saa inakuja usoni kwako, kwa hiyo zile pini nimezifunga kwenye vyuma vya bodi vilivyoimarishwa, na mtu wa pili hukagua kabla sijaingia njiani.

Ndani ya gari nilitoa kiti cha nyuma, redio, zulia, na ile lami ya kuzuia kelele iliyobandikwa sakafuni. Lami hiyo ukiikwangua kwa patasi ikiwa ya kawaida utaumia mgongo na hutamaliza. Nunua barafu kavu, ivunjevunje, itandaze juu ya lami uiache mpaka usikie inatoa mlio wa kukatika, kisha igonge kwa nyundo ndogo: inaruka vipandevipande kama vigae. Vaa glavu nene, maana barafu hiyo ina baridi ya karibu nyuzi 78 chini ya sifuri na inaunguza ngozi. Fungua milango yote ya gereji, kwa sababu inapoyeyuka inakuwa hewa ya ukaa na inajaa sakafuni, pale pale unapoinamisha kichwa.

Vioo vya ubavuni na cha nyuma niliweka polikaboneti. Usikubali kuuziwa akriliki eti ni vilevile. Akriliki inapasuka vipande vyenye makali, polikaboneti inapinda. Isafishe kwa maji na sabuni laini. Jamaa mmoja uwanjani alifuta yake kwa dawa ya vioo yenye amonia, ikapata ukungu usiotoka. Kioo cha mbele nimeacha cha asili, kwa sababu ya wipa na mikwaruzo.

Hayo yote si uvumbuzi wangu. Mwaka 1964 Ford walitengeneza Fairlane zipatazo mia, zikiitwa Thunderbolt, zenye fenda na boneti za faibaglasi. Mwaka 1968 Chrysler wakishirikiana na kampuni ya Hurst walitoa Dart na Barracuda zenye injini ya Hemi, fenda za faibaglasi, milango ya bati jembamba, hakuna kiti cha nyuma, na viti vya mbele vilivyotolewa kwenye gari dogo la mizigo. Kioo cha mlango kilipandishwa kwa mkanda badala ya mashine. Ukitazama picha za magari yale utaona wenye kiwanda walihesabu mpaka boliti.

Sasa vile nilivyokataa kutoa. Milango ya 1974 ina chuma kizito ndani cha kukinga ubavu. Mtandaoni utaambiwa kikate, unapata ratili kadhaa bure. Wanaokupa ushauri huo wana keji yenye bomba linalopita mlangoni. Mimi sina. Nikikikata, kati ya nyonga yangu na lori la mtu kunabaki bati. Kimebaki. Breki za mbele nazo zimebaki vilevile, diski kubwa. Mkanda wa kiti nimeongeza ubora badala ya kupunguza.

Na kuna chuma nilichokirudisha. Kabla ya kufunga injini kubwa nilimlipa fundi wa kuchomelea aunganishe reli za mbele na za nyuma chini ya sakafu kwa vyuma vya mraba. Ni kama ratili 30 zinarudi, na zinauma ukikumbuka jasho la ile lami. Lakini bodi lisilo na chasisi, ukilipa nguvu nyingi na tairi za kushika, linajikunja. Mzee alikuwa na ile Dart aliyoiuza zamani, picha yake inaonyesha mkunjo wa bati juu ya tairi la nyuma, na mlango ulikuwa haufungi vizuri baada ya kila mbio. Gari likaze kwanza, kisha lipunguze.

Injini niliyochagua ni Magnum ya lita 5.9 kutoka Dodge Ram ya mwishoni mwa miaka ya 90 iliyokuwa kwenye uwanja wa magari chakavu. Ni ukoo ule ule wa V8 ndogo za Chrysler, ina lifta za rola tangu kiwandani, na bei yake ni ya kibinadamu. Silinda hedi zake za asili zinajulikana kwa kupasuka kati ya viti vya valvu, na zangu zilikuwa zimepasuka kweli; nilishapanga kuweka za alumini, kwa hiyo sikulia. Hedi za alumini, manifoldi ya alumini, stata ndogo ile ya Magnum badala ya lile jitu la zamani, na V8 yote ikawa haina tofauti kubwa ya uzito na ile ya silinda sita iliyotoka. Nikaweka kemshafti ya wastani na kabureta moja ya midomo minne.

Mambo matatu ya injini hii nayasema wazi kwa sababu hakuna aliyeniambia mapema. La kwanza, manifoldi za V8 za zamani hazikai kwenye hedi za Magnum, boliti zake zimesimama kwa pembe nyingine. Nunua iliyotobolewa kwa Magnum. La pili, mbele ya injini hakuna mahali pa pampu ya mafuta ya kusukumwa na kemshafti, kwa hiyo utafunga ya umeme, na uifunge na swichi ya kuizima pampu pale injini inapokosa presha ya oili, isije ikaendelea kumwaga petroli baada ya ajali. La tatu lilinitoa machozi. Lita 5.9 inasawazishwa kwa uzito ulio nje ya krenki, kwenye ile sahani inayoiunganisha na konveta ya gia (chombo cha mafuta kinachopeleka mzunguko wa injini kwenye giaboksi). Ile ya 360 ya zamani (inchi za ujazo 360, ndiyo lita 5.9 hiyo hiyo) nayo inasawazishwa nje, ila kwa kipimo tofauti. Duka lililoniuzia sahani liliniapia kwamba 360 ni 360. Nilipowasha, ikifika mizunguko 2,800 kioo cha kuangalia nyuma kilitetemeka mpaka gari la jirani likaonekana mawili. Giaboksi ikashuka, sahani sahihi ikanunuliwa, giaboksi ikapanda. Duka halikurudisha hata senti, walisema nimeshaifunga. Omba namba ya sehemu kwa maandishi kabla hujalipa.

Giaboksi ni ile ya otomatiki ya gia tatu, TorqueFlite 904. Wengi watakuambia uweke ndugu yake mkubwa, 727, kwa sababu ni imara zaidi. Ni kweli ni imara, lakini ni nzito na inakula nguvu nyingi kujizungusha. Kwa farasi 380, 904 iliyotengenezwa vizuri inatosha.

Ekseli ya nyuma ya gari la silinda sita haiwezi mchezo huu, meno ya difu yake ni madogo. Nilichukua ya Ford Explorer, zile za nusu ya pili ya miaka ya 90 zenye diski nyuma. Kule chakavu zimejaa. Matundu ya rimu yake yanalingana na diski za mbele za Duster yangu, kwa hiyo rimu za aina moja zinakaa pande zote nne. Mkono wake mmoja ni mrefu kuliko mwingine. Mafundi huukata na kutumia shafti fupi mbili, ekseli inakaa katikati na tairi zinaingia ndani ya fenda. Mabomba yake yamegandamizwa tu kwenye nyumba ya difu, lazima yachomelewe yasije yakazunguka. Na vikalio vya springi usivichomelee moja kwa moja mpaka gari limesimama kwa uzito wake wote na umepima pembe ya difu na propela.

Uwiano wa difu ni 3.73. Hesabu yake ni hii: maili kwa saa, zidisha uwiano, zidisha 336, gawanya kwa kipenyo cha tairi kwa inchi. Nikitarajia maili 115 na tairi za inchi 26, napata mizunguko kama 5,540, ongeza kidogo kwa konveta kuteleza. Injini yangu inapumua vizuri mpaka 5,800 hivi. Ningeweka 4.10 ningepita 6,000 kabla ya mstari, bure.

Tairi za nyuma ni zile laini zisizo na kashata. Kwetu ukikamatwa na tairi kipara trafiki anakuandikia. Huku nimelipa zaidi ya dola 500 kwa kipara mbili. Ukishafunga hizo na unakimbia 13.99 au chini, kanuni inataka pete ya chuma kuzunguka propela, ndani ya inchi 6 kutoka krosi ya mbele. Isikuudhi. Krosi ya mbele ikikatika bila pete, propela inachoma ardhi na gari linaruka kama mtu wa upondo.

Betri nilihamishia buti, upande wa kulia. Hapo kuna mtego: kanuni inataka swichi ya kuzima nyuma ya gari, nje, na ikizimwa injini lazima ife. Ukikata waya wa betri peke yake, jenereta inaendelea kulisha plagi na injini inaunguruma tu. Mkaguzi atakuambia uiwashe, ataizima swichi, na kama haijafa hupiti.

Pesa. Nilimwambia mke wangu dola elfu tisa. Ilifika elfu ishirini na moja, na hapo kazi nyingi nilifanya mwenyewe. Vitu vikubwa havikunishtua, nilikuwa najua bei ya hedi na konveta. Kilichonimaliza ni mipira ya mafuta, viunganishi vya alumini vya dola ishirini kila kimoja, gasketi za mara ya pili, boliti ngumu, oili ya gia, nauli ya kufuata kitu kimoja mjini. Tuna kiwanja Kibaha ambacho msingi wake umeota majani. Siku moja akanikuta nafungua boksi la rimu, akasema, "Mume wangu, zile nondo za Kibaha zinakusalimia." Hakugomba, na ingekuwa afadhali angegomba. Tukakaa, tukafungua akaunti tofauti: saa za ziada za kazi tu ndizo zinazoingia kwenye gari, mshahara haugusi. Mradi ukachelewa sana, lakini nyumbani kukawa na amani. Kama una familia, fanya mazungumzo hayo kabla ya gari kuinuliwa kwenye stendi.

Mizani ya mwisho: mbele 1,500, nyuma 1,340. Ratili 2,840, pamoja na ekseli nzito na vyuma vya kukaza. Ratili 380 zimeondoka, na 300 kati ya hizo ni za pua.

Uwanjani mara ya kwanza nilipata sekunde 13.2. Tairi zilizunguka mpaka futi 60 zikachukua sekunde 2.1. Kilichonisaidia ni kushusha presha ya tairi za nyuma kidogo kidogo huku nikiandika kila badiliko, na kubadili shokapu za mbele ziwe laini kupanda ili pua inyanyuke. Vile vyuma vyembamba vya tosheni vya silinda sita (vinavyofanya kazi ya springi za mbele), ambavyo nilikuwa nimepanga kuvitupa, ndivyo wakimbiaji wanavyovitafuta, kwa sababu vinaachia pua ipande haraka. Futi 60 zikashuka mpaka 1.62. Chunga namba hiyo kuliko zote. Moja ya kumi ukiipata pale mwanzo, mwisho inakurudishia karibu sehemu moja na nusu za kumi au zaidi.

Sasa breki, na hapa nataka usome polepole. Gari lililopoteza ratili 300 mbele, lenye tairi nyembamba mbele na diski za Explorer nyuma, haligawi breki kama kiwanda kilivyopanga. Nilivuka mstari nikiwa zaidi ya maili 110, nikakanyaga kama nilivyozoea, tairi za nyuma zikaganda na mkia ukaanza kunipita. Nikaachia, nikakanyaga tena kidogo, nikaachia. Nilisimama karibu kabisa na mchanga wa mwisho wa njia. Magoti yalitetemeka mpaka nilikaa kwenye gari kwa muda, mfanyakazi wa uwanja akaja kuuliza kama naumwa. Funga vali ya kurekebisha breki za nyuma kabla ya siku ya kwanza, uirekebishie kwenye sehemu tupu kwa mwendo wa maili 40, halafu 60, mpaka za mbele zigande kwanza. Bei yake ni chini ya dola mia.

Hewa nayo ni mshindani. Houston wakati wa kiangazi joto na unyevu hufanya injini ione kama ipo mlimani. Gari lile lile, siku yenye baridi na ukavu, linakwenda sehemu mbili za kumi au zaidi haraka. Kwa hiyo usibadilishe kabureta kwa sababu ya karatasi ya Agosti. Ilikuwa usiku wa Novemba nilipopata 11.62 kwa maili 116. Mzee aliichukua ile karatasi akaisoma kwa miwani, akasema, "Hiyo sasa ni namba," akaniambia nisiguse kitu chochote. Nilitamani kugusa. Bado sehemu moja ya kumi na ushee tu na ninaingia kwenye sheria ya chuma cha kichwani, yaani kiti kipya, mikanda mipya, welda, ratili nyingine zinarudi.

Hesabu yangu ya mwanzo haikuweka uwanja wenyewe. Uwanja wa Baytown, karibu na Houston, ambao ulikuwepo tangu 1988, ulifungwa mwaka 2023. Sasa ninakwenda Texas Motorplex kule Ennis, njiani kuelekea Dallas, zaidi ya saa tatu nikiwa navuta trela. Ni uwanja mzuri, njia yake ya zege, alioujenga Billy Meyer mwaka 1986, lakini dizeli, trela, chakula na kiingilio vimefanya kila safari iwe ya mamia ya dola. Kabla hujanunua gari, piga ramani ujue uwanja ulio hai karibu nawe uko wapi, na ni wa robo maili au nusu yake.

Kwenye trela nabeba krosi mbili za propela, mkanda wa feni, seti ya plagi, oili ya gia, geji nzuri ya tairi, jeki ya alumini, waya na tepu, na dumu la maji. Suruali ndefu na viatu vya kufunika, mkaguzi hatakupitisha na kandambili. Na ukikuta dimbwi la maji la kuzungushia tairi za nyuma zipate moto kabla ya mstari, tairi za mbele zipitishe pembeni, kisha rudisha za nyuma ukingoni mwake. Mwenye kupita katikati anabeba maji mpaka kwenye taa na kuwaharibia wote walio nyuma yake kwenye foleni.